Kola nyeupe ya padri

Jana usiku mimi na mdogo wangu tulibishana mpaka saa nane. Yeye haamini kuwa Mungu yupo, mimi naamini. Akaniambia, "Kaka, nyinyi mkishindwa kueleza jambo mnamtaja Mungu. Sisi tuna Mlipuko Mkuu."

Nikamuuliza kama anajua wazo hilo la jinsi ulimwengu ulivyoanza lilitoka kwa nani. Nikamwonyesha picha kwenye simu: mzee mwenye miwani ya duara, kola nyeupe shingoni. Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ulianza na kitu kimoja alichokiita atomu ya mwanzo. Mdogo wangu akaikuza ile kola kwa vidole viwili, asiseme neno. Na Fred Hoyle, mwanaastronomia aliyelitoa jina la Mlipuko Mkuu redioni mwaka 1949, hakuwa mtu wa dini, na nadharia yenyewe aliipinga!

Lakini sikushinda, na niseme ukweli. Papa Pius XII alipodokeza mwaka 1951 kwamba sayansi imethibitisha uumbaji, Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Hakutaka hesabu zake zigeuzwe ushahidi wa imani. Hapo mimi ndiye niliyenyamaza.

"Sasa kabla ulimwengu haujaanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, kulikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Labda hakuna kabla," akajibu taratibu.

Mimi bado nasema yuko aliyesema iwe, ikawa. Tukakaa hivyo, taa imezimwa, hakuna aliyetaka kwenda kulala.