Kuukisia Mkondo wa Chuma Chini ya Miguu Yetu

Februari 2019 modeli ya uga wa sumaku wa Dunia (nguvu ya sumaku inayoizunguka sayari yetu) inayotegemewa na dira za meli, ndege na simu zetu ilitolewa upya karibu mwaka mmoja kabla ya muda wake, kwa kuwa ncha ya sumaku ya kaskazini ilikuwa ikihama kutoka Kanada kuelekea Siberia kwa takriban kilomita 50 kwa mwaka, na makosa katika Aktiki yalikuwa yamevuka kiwango kinachoruhusiwa. Chanzo cha uga huo kiko kina cha kilomita 2,900 hivi, ambako chuma kilichoyeyuka cha kiini cha nje cha Dunia hutiririka na kuzalisha umeme, na umeme huo huzaa sumaku.

Huko hakuna chombo kinachofika. Watafiti hupima uga kutoka juu, hasa kwa setilaiti tatu za Swarm zilizorushwa Novemba 2013, kisha hukokotoa ulivyo kwenye uso wa kiini. Kwa kipindi cha miaka michache, mistari ya sumaku huchukuliwa kana kwamba imenaswa ndani ya chuma na kwenda nacho. Hivyo mtafiti huusoma mtiririko kama mvuvi anavyoutambua mkondo kwa mwani unaoelea.

Ugumu wenyewe, nami naona ndio kiini cha kazi hii, ulionyeshwa na mwanajiofizikia George Backus mwaka 1968: chuma kikitiririka kwa kufuata mstari ambao nguvu ya sumaku ni ile ile, hakuna kinachobadilika juu, na kwa hiyo mitiririko mingi tofauti hulingana sawasawa na vipimo vilevile. Ni lazima sharti la kifizikia liongezwe, kwa mfano kwamba mzunguko wa Dunia huupanga mtiririko katika nguzo zilizo sambamba na mhimili wake. Namwamini zaidi mtafiti anayelitaja sharti lake waziwazi kuliko anayetuonyesha ramani peke yake. Kwa njia hiyo, mwaka 2017 Phil Livermore na wenzake walieleza mkondo mwembamba chini ya Alaska na Siberia unaokwenda kilomita 40 hivi kwa mwaka.

Miaka miwili baadaye Julien Aubert na Christopher Finlay walieleza, kwa kompyuta iliyofanya kazi sawa na saa milioni 4, mageuko ya ghafla ya uga yaliyokuwa yakivuruga utabiri: mafungu ya chuma chepesi hupanda kutoka kilindini na kuchochea mawimbi, ambayo hufika usoni mwa kiini miaka 25 hivi baada ya mafungu hayo kuanza safari.