Nilivyoing'oa pampu ya jeti nikafunga mguu wa rafadha

Boti yangu ni ya futi 18, ya faibaglasi, injini ndani, na tangu niinunue ilikuwa inasukumwa na pampu ya jeti. Msimu uliopita niliifungua pampu nikakuta alumini ya ganda lake imelika, mahali pamoja imebaki nyembamba kama kopo. Pete inayoizunguka impela, yaani yale mapanga yanayozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji, nayo ilikuwa imekwanguliwa na mchanga. Jeti inategemea mwanya mdogo sana kati ya impela na pete hiyo. Mwanya ukipanuka maji yanavuja kurudi yalikotoka, injini inalia na boti haiendi. Lakini mwili wa boti ulikuwa mzima, mkavu, haukuwa na ufa. Sikuwa tayari kuutupa.

Niseme mapema: kama maji unayopita yanafika magotini na chini kuna mawe, baki na jeti. Ndiyo kazi iliyoizaa. William Hamilton wa New Zealand aliiunda miaka ya 1950 ili aweze kupanda mito ya kwao isiyo na kina, na mwaka 1960 boti za aina yake ziliupanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon, zikienda kinyume cha mkondo. Mimi natembea kwenye maji marefu, mwendo wa wastani, watu wanne au watano ndani. Kwa mwendo huo jeti inakunywa mafuta mengi kwa kazi ndogo. Tena ukipunguza mafuta ghafla usukani nao unakufa, maana kinachoigeuza boti ni maji yale yanayorushwa nyuma. Na haina gia ya kupumzika: injini ikiwaka, impela inazunguka.

Stendraivu ni ule mguu unaoning'inia nje ya boti, wenye gia na rafadha, huku injini ikibaki ndani. Volvo Penta walitoa wao wa kwanza, Aquamatic, mwaka 1959. Wangu ni MerCruiser Alpha One, nimeutoa kwenye boti iliyooza, pamoja na injini yake ya V8 lita 5.7, bamba la kufungia, nyaya, pampu ya kunyanyulia mguu, kila kitu hadi boliti. Ukitaka kufanya kazi hii, tafuta boti moja ya kuchinja uchukue vyote. Kuokoteza kipande hapa na kipande pale kutakumaliza.

Mwanzoni nilidhani nabadilisha kifaa kwa kifaa. Sivyo. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa vyuma na hajawahi kumiliki boti, ndiye aliyeuliza swali lililonifungua macho: "Kaka, hiki kitu kinaisukuma boti kikiwa kimeshika wapi?" Pampu ya jeti ilikuwa imelala juu ya sakafu ya boti na kufungwa hapo, kwa hiyo nguvu nyingi ya kusukuma iliingilia tumboni. Mguu wa stendraivu unaisukuma boti kupitia ubao wa nyuma peke yake. Injini yenyewe haisukumi kitu, inazungusha tu. Ubao ambao zamani kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia maji yasiingie, sasa ndio unaobeba kila kitu.

Wangu ulikuwa na unene wa milimita 38. Bamba la Alpha linataka kati ya 51 na 57, na nyuso zake mbili ziende sambamba. Nilitoboa vitundu vidogo kuikagua plaiwudi ya ndani: unga ukitoka mweupe na mkavu, mbao ni nzima, ukitoka mweusi na unyevu, umeoza. Wangu ulitoka mweusi kwenye kona moja chini. Nikaukata wote upande wa ndani, nikaujenga upya kwa plaiwudi na epoksi, nikaufunganisha na mihimili ya sakafuni kwa vitambaa vya faibaglasi. Tundu la zamani la jeti lilikuwa limeingiliana kidogo na mahali pa tundu jipya, kwa hiyo ilibidi kulijaza kwanza ndipo nikate upya. Nilipima mara nne kabla ya kukata, kwa sababu kimo cha tundu kinafuata kimo cha krenkishafti, ile shafti kuu ya injini, juu ya sakafu, na injini huwezi kuishusha ikavuka sakafu.

Kazi iliyonila muda zaidi ya zote ilikuwa kuziba tundu la chini, lile ambalo jeti ilivutia maji. Limekaa penye mgandamizo mkubwa kuliko popote. Sakafu pale ina milimita 8, nami mara ya kwanza nilichonga kingo kwa mteremko wa sentimita tatu tu, nikabandika kitambaa. Kilionekana kizuri sana. Usiku sikulala. Kulipokucha nilichukua grainda nikakitoa chote, nikachonga upya kwa kipimo cha 12 kwa 1, yaani karibu sentimita 10 kuzunguka tundu zima, ili kipande kipya kishikane na cha zamani kwa eneo pana. Nje niliweka ubao laini uliopakwa nta, nikajenga tabaka kutokea ndani. Vaa barakoa ya maana, vumbi lile si la mchezo.

Baada ya hapo rula ndefu. Mita moja na nusu ya mwisho ya sakafu lazima inyooke. Ikibonyea kuelekea ndani, boti inainamisha pua, ikivimba, inarukaruka. Nilisugua msasa siku tatu.

Halafu uzito. Injini ya jeti ilikaa mbele kidogo. Ya stendraivu inaegemea ubao wa nyuma, na mguu wenyewe unaning'inia nje. Kabla ya kukata chochote nilipakia mifuko ya mchanga yenye uzito uleule mahali pale, nikaiteremsha boti majini, nikaweka alama ya maji. Tezi, yaani nyuma ya boti, ilizama kuliko nilivyopenda. Betri mbili zikahamia omo, kule mbele.

Kupanga injini ilikuwa raha. Kuna fimbo ya chuma unayoipitisha kwenye beringi ya bamba hadi kwenye meno ya kiungo cha injini. Unainua na kushusha miguu ya mbele ya injini mpaka fimbo iingie kwa kusukumwa na vidole viwili. Ilipoingia, mimi na mdogo wangu tulinyamaza kidogo.

Maji ya kupoza injini yalikuwa yanatoka kwenye pampu ya jeti. Sasa yanavutwa na impela ya mpira iliyo mguuni, kwa hiyo usiiwashe nchi kavu bila maji ya mpira wa bustani.

Rafadha ya kwanza ilikuwa ya inchi 21, si upana wake bali umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Mafuta yote, injini ikafika mizunguko 4,200 tu kwa dakika, na hiyo 5.7 inataka 4,400 hadi 4,800. Ya inchi 19 ikaipeleka 4,550, na GPS ikasoma kilomita 76 kwa saa.

Lakini kabla ya mwendo wowote, siku ile ya kwanza, niliiwasha nikaiacha bila gia. Mdogo wangu alikuwa ameshika kamba akisubiri kuvutwa kama zamani. Kamba ikabaki imelegea. Tukasimama palepale, injini inanguruma, boti imetulia. Nikafungua kifuniko nikamulika ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kwa tochi. Kulikuwa na matone machache chini ya mpira wa shafti. Nikakaza klampu nusu mzunguko, nikapangusa, nikamulika tena baada ya dakika kumi. Pakavu.