Mbili bila

Jana binti yangu, akiwa juu ya kibaiskeli chake cha waridi, kaniuliza: "Baba, eti wewe ulijifunza baiskeli bila kukaa kwenye siti?" Bibi yake huyo. Bibi yake hana siri.

Ni kweli. Shinyanga yetu mtoto hanunuliwi baiskeli, anaiba Phoenix ya baba. Siti huifikii, kwa hiyo unapenyeza mguu wa kulia chini ya mtalimbo, lile bomba la juu, mwili unaning'inia upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya, unakanyaga hivyo hivyo. Mpira ulinishinda, hata golini waliniweka, wakanitoa.

Basi 1993, Simba na Stella Abidjan ya Ivory Coast, fainali ya Kombe la CAF. Kule kwao tulitoka bila kufungana, kwa hiyo mtaani kombe lilishakuwa letu. Wanaume wote walikuwa kwa jirani mwenye redio. Phoenix iko ukutani, haina mlinzi.

Nilivaa suruali ya kaka. Mteremkoni cheni ikala pindo, ikaendelea kula hadi karibu na goti. Pedeli ikagoma, nikaingia kwenye michongoma mzima mzima. Sikulia. Nilipanga kungoja makelele ya bao, nijinasue wakati hakuna anayenitazama.

Makelele hayakuja. Boli Zozo na Stella yake walikuwa wameshatupiga mbili.

Wakaanza kupita, vichwa chini, kama watu wanaotoka mazikoni. Baba akasimama. Akaitazama baiskeli kwanza, akabonyeza tairi, ndipo akanitazama mimi na ile cheni.

"Na wewe umefungwa ngapi?"

Nikayaangalia magoti yangu. "Mbili, baba."

Mtaa ukaangua kicheko. Wana Simba, watu wazima, jioni ile! Tangu hapo sijapata ukumbi uliocheka vile, na si kwamba sijajaribu. Nikiisimulia jukwaani, vijana wanauliza mtalimbo ndiyo nini, na Yanga wanacheka kabla sijafika kwenye baiskeli.

"Na babu alicheka?"

Babu alikuwa ameinama, ananasua suruali kwenye cheni, grisi hadi viwiko. Mabega yalikuwa yanatikisika. Uso sikuuona.

Nikachukua pampu, nikaanza kujaza upepo kwenye tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.