Nilivyoacha chuo chenye jina, nikakomboa kiwanja cha mama

Barua ya chuo ilipofika Busia, mama aliifunga kwenye pindo la leso, akaizungusha sokoni meza kwa meza kuwaonyesha wauza dagaa wenzake. Chuo kikubwa, tena Kampala! Ufadhili wa serikali sikuupata. Mkopo wa serikali, ule ulioanza mwaka 2014, nilichelewa kuuomba. Na hata ukiupata, hulipa karo na ada. Chumba na chakula unajitafutia.

Mama akaweka karatasi za kiwanja kwa mkopeshaji, akapewa milioni 2 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Sikupiga hesabu.

Nilizipiga miezi mitatu baadaye, usiku, nyuma ya daftari la hisabati. Shilingi 600,000 zilikuwa zimekwenda kwa riba, na deni bado lilikuwa milioni 2 zile zile. Kila nikipiga simu mama husema biashara ni nzuri. Mdogo wangu ndiye aliyeninong'oneza kuwa siku hizi nyumbani wanakula mara moja. Nililia, kisha nikafanya mitihani ya semista ile na kurudi nyumbani.

"Mama, watu watasema nimefukuzwa."

"Waseme, mwanangu. Riba hawatulipii wao."

Tulikopa kwenye SACCO ya sokoni, asilimia 2 kwa mwezi na kwa deni lililobaki tu, tukamlipa yule mkopeshaji. Mwaka mzima nilimbebea ngazi fundi wa umeme. Ndipo nikaanza stashahada ya umeme katika chuo cha ufundi, nikilipa kwa pesa za kufunga nyaya madukani wakati wa likizo. Stashahada yenye alama nzuri hukufungulia mlango wa digrii, na huo ndio mpango wangu.

Jina la chuo lina kazi yake, sikatai. Niliowaacha kule wanaitana kwenye kazi, mimi natafuta peke yangu. Serikali ikikulipia, nenda bila kusita. Lakini kwa kiwanja cha mzazi, hapana.

Mdogo wangu yuko S.6 sasa, mwaka wa mwisho wa sekondari, na anakitaka chuo kile kile. Sikumkatalia. Tuliketi na mama, tukaandika karo, chumba na chakula cha miaka 3, na mbele ya kila mstari jina la atakayelipa. Mistari miwili bado haina jina.