Nilivyouza boti ya marehemu baba ikiwa imekufa mashine, na mimi si mtu wa bahari

Naandika hii kwa sababu kipindi nahangaika nilitafuta sana mtu aliyewahi kuuza boti isiyotembea anielekeze, nikakuta kila mtu anaeleza kununua tu. Boti yenyewe ni ya faiba, futi 23, na mashine yake Yamaha Enduro HP 40, zile tu-stroki za kuchanganya petroli na oili ambazo wavuvi wengi huku pwani wanazitumia. Baba aliinunua kwa mafao yake ya kustaafu akamkabidhi nahodha, yeye mwenyewe haendi baharini anasubiri mgao wake. Alipofariki nahodha akapata chombo kingine, boti ikavutwa juu pale Kunduchi, Dar es Salaam, ikabaki inapigwa jua na mvua miaka, mpaka viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wakampigia mama simu kwamba iondolewe inaziba nafasi ya wenzake. Kwenye kikao cha familia wakaniambia mwalimu shughulikia wewe, basi likawa langu.

Madalali walifika haraka kuliko nilivyotegemea. Wa kwanza akaizunguka, akaipiga teke ubavuni, akasema dada hii ni skrepa, laki 6 boti na mashine yake nakuondolea mzigo leo leo. Kiukweli mtu ukiwa huna unachokijua hiyo laki 6 inatamanisha, tena ukikumbuka simu za BMU. Lakini nikajiuliza kama ni skrepa mbona ana haraka hivi? Nikamwambia shem nipe muda niongee na mama.

Nilichofanya ni kutafuta fundi boti kutoka Msasani, makusudi asiwe wa pale pale Kunduchi wala asiwe na mteja wa kumpelekea, nikamlipa elfu 50 ya kuangalia tu. Hii elfu 50 ndo hela yenye faida kuliko zote nilizotoa kwenye hili jambo. Nikamwambia kaka mimi sitaki utengeneze chochote, nataka uniambie kipi kizima na kipi kimekufa.

Akaanza na mashine. Alivuta kamba ya kuwashia ikagoma kabisa, haisogei hata kidogo, akafungua plagi zote mbili akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda, akasema tuiache ilale. Kesho yake akaizungusha kwa spana pale juu kwenye flaiwili taratibuuu ikakubali kuzunguka, ila kupima kompresheni silinda moja ina nguvu na nyingine haina kitu. Akanionyesha njia za maji ya kupoozea zilivyoliwa na chumvi, akaniambia mashine ya maji chumvi isipooshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kabla ya kuhifadhiwa chumvi inagandia mule ndani inaendelea kula aluminiamu hata kama imezimwa. Halafu akaenda mguu wa chini wenye gia, akalegeza skrubu, nikaona oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia kupitia sili, akasema, ila gia zenyewe bado nzima, zishike uone. Nikazishika.

Kwenye bodi ndo nilijifunza zaidi. Alichukua kipande cha mbao akawa anagonga boti kuanzia omo, yaani mbele, kurudi nyuma, sehemu kubwa inalia kavu, kufika tezi, kule nyuma pale mashine inapofungwa, mlio ukabadilika ukawa mzito. Mule katikati ya faiba kuna ubao, na ukipata upenyo wa maji unaoza huku nje huoni kitu. Akatoboa tundu dogo kwa drili, unga wa mbao ukatoka mweusi umelowa. Basi ubao wa tezi umeoza, lakini bodi nyingine yote haina ufa, na hilo la tezi linatengenezeka kwa ubao mpya, mati (kile kitambaa cha faiba) na rezini, gundi yake.

Nikamuuliza sasa si bora nitengeneze mashine ndo niuze kwa bei nzuri? Akakataa katakata. Pistoni, ringi, gasketi, kuchonga silinda, sili za gia, afu bado aluminiamu imeshaliwa, hela utakayoingiza hairudi, na mnunuzi akisikia imetoka kufufuliwa juzi anaogopa zaidi kuliko akiikuta imekufa. Mimi nakubaliana naye kabisa. Mtu asiyejua kazi akianza kutengeneza ili auze anaishia kuwa na boti ile ile pamoja na deni.

Kabla ya kutangaza nikashughulika na karatasi, na hapa wenye chombo cha marithi nawaomba msikilize vizuri. Cheti cha usajili kilikuwa jina la baba, kimetolewa enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini, na kazi ya vyombo vya majini sasa hivi iko TASAC. Sasa huwezi kuuza mali ya marehemu kwa sababu tu wewe ni mtoto wake. Ilibidi mama ateuliwe msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, tukaanza na kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha tangazo la mirathi, kisha kusubiri. Inachosha, lakini wanunuzi wa maana walikuwa wanauliza karatasi kabla hawajauliza bei, na wanauliza pia namba ya mashine, ile iliyo kwenye kibati pale kwenye breketi, mana mashine za boti zinaibwa sana na hakuna anayetaka kesi.

Tangazo nikaliweka kwenye magrupu ya wavuvi ya WhatsApp, niliandika hivi: "Boti ya faiba futi 23 inauzwa, bodi haina ufa, ubao wa tezi umeoza unahitaji kubadilishwa. Mashine Enduro 40 haiwaki, silinda moja haina kompresheni, gia nzima. Karatasi zote zipo. Unaweza kuchukua bodi peke yake au mashine peke yake." Nikaambatanisha picha za ubovu, hadi ule unga mweusi wa mbao. Shangazi akasema utafukuza wateja. Kweli wa kupoteza muda walipungua, wale wa "mwisho ngapi" kabla hata hajaona chombo, lakini waliokuja walikuja wakijua wanachokuja kuona, hakuna aliyegeuka pale pale akaanza kushusha bei eti kagundua kitu.

Bodi ilichukuliwa na vijana wawili ndugu ambao mashine wanayo nzuri ila boti yao ya mbao imechoka kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, kila mara. Tukaanzia milioni 4, tukamalizana milioni 3 na laki 2. Mashine ikachukuliwa na fundi kwa laki 9, yeye anataka ule mguu na gia, na kabureta. Ukijumlisha linganisha na ile laki 6.

Kuiondoa boti pale nako kuna ujuzi wake. Ilikuwa imevutwa juu mno, siku za maji mafu bahari haifiki hata karibu, hao vijana wakasema dada tusubiri bamvu la mwezi mpevu, maji yanapopanda juu kabisa. Walipokuja wakapanga magogo chini, maji yakapanda mpaka karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, watu wakasukuma ikateleza, wakaifunga kamba nyuma ya boti nyingine wakaondoka nayo. Tungelazimisha siku nyingine tungehitaji watu mara mbili, na bodi ingekwaruzika vibaya.

Mkataba tuliandikia ofisi ya serikali ya mtaa, mama akasaini kama msimamizi, mashahidi wa pande zote mbili, tukaandika namba ya usajili wa boti, na mkataba wa mashine tukaufanya tofauti wenye namba yake. Hela zikaingia benki kwenye akaunti ya mirathi, sikupokea keshi mkononi, mana ndugu ni wengi na kila mtu alitaka kuona. Yule nahodha wa zamani alikuwa anadai mgao wa safari za mwisho, tukamlipa kwanza kabla ya kugawana. Cheti orijino niliwakabidhi wale vijana siku tuliyoenda nao kubadilisha jina, nakala nimeiweka kwenye faili pamoja na ile karatasi ya mahakama.