Sisi si vishoka: siku moja katika steshenari ya Majengo

Watu wengi hudhani kazi ya steshenari ni kutoa nakala za vitambulisho na kuuza kalamu, na wakiona ninamjazia mtu maombi ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au ninamwombea TIN, yaani namba ya mlipakodi, huniita kishoka, dalali asiye rasmi. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu ya Septemba 2024. Haikuwa na jambo la ajabu, na kwa sababu hiyohiyo nimeichagua.

Saa 12:20 asubuhi nilikuwa kituoni Nkuhungu nikigombania daladala, na saa 1:15 nilikuwa nimekwisha kufungua mlango. Kazi ya kwanza kila siku ni kufuta kioo cha mashine ya kutolea nakala. Msimu huu upepo wa Dodoma huingiza vumbi jekundu hadi chini ya mfuniko, na chembe moja tu ikibaki huchora mstari mweusi katikati ya cheti cha mtu, naye mtu huyo hunilaumu mimi badala ya upepo. Kuanzia saa 2 hadi saa 3 nilichapa wasifu wa waombaji kazi watano, nikatoa nakala nisizozihesabu na kulaminisha vyeti vya kuzaliwa.

Saa 3:10 akaingia kijana mwenye simu mbili.

"Dada, nataka usajili wa biashara, leseni, kila kitu. Saa 6 napeleka karatasi kwa mteja."

Nilimpa kiti nikamwuliza anauza nini. Anauza raba kwa Instagram na WhatsApp, mzigo anauagiza Kariakoo, na ofisi moja imemwomba viatu vya wafanyakazi wake lakini inataka TIN, leseni na ankara. Siku zote hizo alikuwa akiamini kwamba duka lililo ndani ya simu halihitaji leseni. Nilimweleza kwamba Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 haitofautishi muuzaji wa kwenye meza na muuzaji wa kwenye kioo cha simu, na kwamba gharama yenyewe si ya kutisha: jina la biashara BRELA ni shilingi 20,000, yaani 5,000 ya maombi na 15,000 ya usajili, TIN hailipiwi hata senti, na leseni hutozwa kulingana na aina ya biashara. Ujira wangu ni 10,000, karatasi zikiwa ndani yake.

"Elfu kumi kwa kubonyezabonyeza tu?"

Sikumjibu. Nimejifunza kwamba mteja anayeanza na neno hilo ndiye atakayekaa kuliko wote, na huyu alikaa hadi saa 9.

Jina alilolitaka lilikuwa na ndani yake jina la kampuni maarufu ya viatu ya Marekani. Nilimwambia jina hilo lina mwenyewe, akasema mbona mtaani wamejaa watu wanaolitumia. Akataka aongeze "Limited" mwishoni ili ofisi imheshimu. Nikamweleza kwamba hilo ni neno la kampuni, na kampuni ni kitu kingine chenye ada nyingine na wajibu mwingine, ilhali jina la biashara halimtenganishi yeye na madeni yake. Akanuna. Tulipofika la nne kati ya majina yaliyokuwa yamekwisha kuchukuliwa na wengine, alitoa kwenye bahasha cheti kilichokunjwa mara nne.

"Kwani hiki hakifai?"

Kilikuwa cheti cha usajili, kina nembo, kina namba, na kina jina lile la viatu. Niliitafuta namba hiyo kwenye mfumo wa BRELA mbele yake, maana yeyote anaweza kuitafuta, na ikatokea kuwa ni ya saluni ya mtu mwingine kabisa. Kijana alikuwa amemlipa mtu 80,000 miezi mitatu iliyopita, na mtu huyo alikuwa amekwisha kubadilisha namba ya simu. Hapo ndipo nilipouelewa ukali wake wa asubuhi nzima. Nilimletea maji, tukaanza upya kwa jina lingine, na bei ya kubonyezabonyeza hakuitaja tena.

Kwanza nilimfungulia akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na nywila aliyoichapa yeye, mimi nikiwa nimegeuka. Hili silifanyii mzaha. Vishoka humwandikisha mteja kwa barua pepe yao, na siku anapotaka kubadilisha anwani au kufunga biashara hulazimika kurudi kwao na kulipa upya, kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi cha jirani. Mfumo ukaomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, kisha maswali ya kuthibitisha kwamba mwenye namba ndiye yeye. Aliulizwa jambo la shule ya msingi, akakosea, kwa kuwa alihama shule mbili na hakukumbuka ipi aliiandika siku ya kujiandikisha. Akampigia simu mama yake Mpwapwa. Mama hakupokea, alikuwa shambani, na akapatikana baada ya dakika 40. Wakati huo huo intaneti yangu ikazimika.

Kuanzia hapo saa siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni foleni kufika mlangoni, harufu ya tona iliyopata moto, na wali maharage wangu kupoa pembeni ya kibodi. Intaneti iliporudi tulichagua shughuli ya biashara, uuzaji wa rejareja kwa njia ya mtandao, ambao katika orodha ya kimataifa ya shughuli za biashara tuliyoitumia ulikuwa na namba 4791. Nilimwonyesha namba hiyo kwa kidole, akaipiga picha, nadhani kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona biashara yake ikiwa na mahali pake katika karatasi ya mtu mwingine.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa anwani. Viatu vyake anavitunza chini ya kitanda katika chumba cha kupanga Ipagala. Mtaa, namba ya nyumba na postikodi inayoanza na 41 tulivipata, lakini kwenye leseni huulizwa pia mkataba wa pango, na mwenye nyumba alipopigiwa simu alifoka kwamba hataki mambo ya kodi ya zuio, ile asilimia 10 inayokatwa kwenye pango. Hapa ndipo ninapowaonea huruma wauzaji wa mtandaoni, kwa sababu fomu zimetungwa kwa ajili ya mtu mwenye fremu barabarani, na mwenye chumba kimoja na simu hulazimika kujieleza kila dawati. Nilimshauri aende kwa afisa biashara wa jiji na barua ya mtendaji wa mtaa, aulize nini kitakubaliwa, badala ya kughushi mkataba kama alivyotaka kufanya.

TIN nayo ilikuwa na hadithi. Alikuwa nayo tangu alipotafuta leseni ya udereva, lakini haikuwa ya biashara, na mtu haruhusiwi kuwa na TIN mbili. Ilibidi aende TRA, mamlaka ya mapato, kuibadilisha na kufanyiwa makadirio ya kodi ndipo ofisi ya jiji imsikilize. Kwa hiyo mteja wake wa saa 6 asingepata karatasi siku ile, na nilimwambia hivyo waziwazi. Alilipia namba ya kumbukumbu ya malipo kwa simu, nikachapa fomu, akatia saini, nikaiskani na kuipakia. Akaondoka bila kuaga.

Kati ya vurugu hizo, sijui ni saa ngapi, alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Bahi. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akacheka na kuitikia. Anakausha mlenda na kuupeleka kwa mabasi kwa wateja wa Dar es Salaam wanaomwagiza kwa WhatsApp. Alikuwa amejiwekea akiba ya usajili, nami nikamwambia kwamba anayefanya biashara kwa majina yake halisi, bila nyongeza, halazimiki kusajili jina, kwa hiyo kwa sasa fedha hiyo aielekeze kwenye vifungashio, aombe TIN, na aende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamwandikie barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, kwa kuwa chakula kilichofungashwa kina masharti yake. Akauliza kodi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Yakifika milioni 5, asiye na kumbukumbu za mauzo hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu kamili hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Alitoa kwenye kikapu daftari la jalada gumu lenye madoa ya mlenda, kila kifurushi kimeandikwa tarehe, jina na bei. Katika muda wote niliofanya kazi hii, wateja walionionyesha daftari kama lile hawazidi vidole vya mkono mmoja. Sikumtoza. Aliniachia mfuko wa ubuyu.

Jioni nilifunga hesabu: baada ya karatasi, umeme na bando, siku yote iliniachia 23,000. Miguu ilikuwa imevimba. Kabla ya kufunga mlango nilifuta kwenye kompyuta vitambulisho vyote nilivyoskani, kisha nikachanachana nakala zilizoharibika, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022, lakini mimi nilianza kabla yake, siku niliponunua karanga zikiwa zimefungwa kwa nakala ya kitambulisho cha mwanamke ninayemfahamu.

Nikiwa ndani ya daladala ya Nkuhungu, nimebanwa kati ya ndoo na begi la shule, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule kijana: "Dada samahani kwa leo. Hivi lile jina bado tunaweza kulibadilisha?"