Marangu Isiyo ya Desemba

Tangu niolewe Marangu, miaka tisa sasa, nimekuwa nikienda huko Desemba tu. Anayewafahamu watu wa Kilimanjaro anajua mambo yalivyo: Krismasi ikikaribia mabasi ya Dar es Salaam yanajaa, magari yanapanda kutoka Himo mchana na usiku, nyumba inalaza watu thelathini, watoto wanabanana wanne wanne kitanda kimoja. Kabla hujakaa ukatulia, Januari imeingia na mizigo inafungwa. Naipenda Desemba hiyo na sitaiacha. Ila mwaka huu mama mkwe aliniambia kwenye simu, "Njoo Julai, mwanangu. Uone tunavyoishi siku ambazo wageni hawapo." Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikamuaga mume wangu, nikapanda basi la alfajiri na binti yetu wa miaka saba.

Njia ni ndefu na naijua kwa vituo: Chalinze, Segera, machungwa ya Korogwe, kisha Usambara inakaa mkono wa kulia kama ukuta hadi unapochoka kuitazama, na Pare inapokea. Tulishuka Himo njia panda jua likiwa kali na vumbi likiruka. Tukaingia kwenye Noah, gari likaanza kupanda, na hazikupita dakika kumi binti yangu akaomba sweta. Marangu Mtoni tuliikuta ndani ya ukungu. Migomba ilikuwa inadondosha maji ingawa mvua haikuwa imenyesha.

Mlima hatukuuona. Mama alicheka nilipouliza uko wapi. Julai mlima hujificha, alisema, hutoka alfajiri au jioni ukipenda wenyewe, na anayeufuata kwa pupa huondoka bila kuuona.

Siku za kwanza zilikuwa za kahawa. Desemba huwa nakuta michumo ya mwisho, watu wamechoka nayo. Safari hii nilikuta mibuni chini ya migomba imebeba matunda mekundu, na baba mkwe anapita mti hadi mti akichagua yaliyoiva tu, ya kijani anayaacha yasubiri zamu yao. Binti yangu alipewa kikapu kidogo. Alijifunza kwa vidole: tunda lililoiva linatoka lenyewe ukiligusa, bichi linang'ang'ania tawi. Jioni tulizungusha mashine ya kumenyea kwa mkono. Maganda yalitoka upande huu, mbegu zikateleza upande ule zikiwa na utelezi mtamu kama asali iliyochanganywa na maji, na nyuki wakatufuata mpaka giza lilipoingia. Mbegu zinalala kwenye ndoo hadi utelezi ulegee, zinaoshwa, zinazoelea zinatolewa, ndipo zinaanikwa kwenye kichanja. Baba ana msimamo kuhusu kuanika: kahawa ikinyeshewa kichanjani ni kazi ya mwaka mzima imepotea, kwa hiyo ukungu ukishuka kila aliye karibu hukimbia na turubai, awe mwenye nyumba au mpita njia.

Kahawa hiyo ina historia ndefu hapa. Jirani yetu Kilema mapadre walianzisha misheni mwaka 1890 na kupanda kahawa, na mwaka 1933 wakulima wa mlimani walikuwa tayari na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Nyumba nyingi za matofali ninazoziona nikipanda, na ada za shule za wazee wengi wa rika la baba, zilitoka kwenye vichanja kama hivi. Vijana wengine siku hizi wanang'oa mibuni wapande mboga au parachichi. Siwalaumu, maana bei inapanda na kushuka, lakini moyo unaniuma nikiona kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, kisicho na hata mbuni mmoja.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwenye maporomoko ya Kinukamori. Ni mwendo mfupi kutoka Mtoni, na Julai maji bado ni mengi baada ya masika, yanaanguka kwa kishindo unachokisikia kifuani. Vijana walikuwa wamevaa nguo za kanisani, wengine viatu mkononi, wanapigana picha. Wanasimulia habari ya msichana aliyejitupa kwenye maporomoko hayo, na kila msimuliaji ana namna yake ya kuimalizia. Siku nyingine tulipanda hadi lango la hifadhi, tukasimama mbele ya kumbukumbu ya waliopanda mlima zamani. Nilimwonyesha binti yangu jina la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu anayesimuliwa kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer kupanda mlima mwaka 1889. Akauliza kama alikuwa na viatu. Baba mkwe akasema watu wa hapa walikuwa wanaujua msitu huo kabla ya viatu.

Lakini nilichokiendea Julai, bila kujua, ni mfereji.

Mvua za masika zikiisha, mifereji inakuwa imejaa tope, mawe na majani. Kichagga wanauita mfongo: mtaro unaochukua maji mtoni juu kabisa, ukafuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo ambao jicho haliuoni, ukapita vihamba vya watu wengi hadi chini. Mingine ilichimbwa kabla ya wakoloni. Ilipangwa siku moja ya kuusafisha, na asiyefika au kutuma mtu hutozwa faini. Wanaume walianza kupandisha kilima na majembe na mapanga tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuugusa, na hata leo kazi yenyewe ilikuwa mikononi mwa wanaume. Sisi tulifuata nyuma na chai, ndizi za kuchoma na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Nilitembea kwenye ukingo wa ule mfereji kwa muda wa saa mbili pengine. Upande mmoja ukuta wa udongo wenye mizizi na mimea midogo inayochuruzika maji, upande mwingine bonde limejaa migomba kama bahari. Niliteleza mara moja nikatumbukia hadi magotini, na mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Pole mama, sasa mfereji umekujua." Ndani ya msitu alinionyesha mimea kama ndevu ikining'inia kwenye matawi, na maji yakidondoka hata pasipo mvua. Watu wa mjini, alisema, wanadhani maji haya ni barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka. Ni msitu. Barafu imepungua sana, kwa vipimo vya wataalamu zaidi ya robo tatu ya ile ya mwaka 1912 imeshakwenda, na mifereji bado inapata maji kwa sababu msitu unakamata mvua na ukungu. Ndiyo maana wazee hukasirika mti ukianguka juu huko kuliko ng'ombe akifa bandani.

Mchana, mfereji ukiwa safi, tulikaa kwenye majani. Aliyepika mbege alionja kwanza, ndipo kibuyu kikazunguka. Ulezi ulikuwa bado unaelea juu. Hakukuwa na muziki wala jukwaa. Walizungumza nani amepata mjukuu, nani anadai zamu yake ya maji imeibwa, na kila mtu alikuwa na vicheko vya mtu aliyemaliza kazi. Nimehudhuria sherehe za Desemba zenye mahema na maspika makubwa, na sijawahi kuwaona wazee hawa wamestarehe hivyo.

Zamu ya kihamba chetu iliangukia saa kumi alfajiri, siku mbili kabla ya kuondoka. Mama aligonga mlango, nikatoka na kanga mbili na koti la mume wangu. Baba alikuwa amekwenda kufungua nduwa, kile kibwawa cha juu ambako maji hukusanywa usiku. Tukasimama gizani na tochi. Kwanza hakikusikika kitu. Kisha majani makavu ya migomba yakaanza kunong'ona, na maji yakaja polepole yakisukuma majani mbele yake, yakazunguka shina hili, yakajaza shimo lile, yakapita kwenye magimbi na kufika kwenye miguu yangu, baridi kiasi cha kukata pumzi. Mama alikuwa na jembe dogo: anakata tuta hapa, anaziba pale kwa udongo na ganda la mgomba, akiongoza maji kama anayewasha taa chumba hadi chumba. Alinipa jembe nijaribu shina la mwisho.

Tulipoinua macho ukungu ulikuwa umeondoka. Kibo ilisimama juu ya migomba, nyeupe sehemu ya kileleni, na Mawenzi pembeni ikiwa bado nyeusi. Nilitaka kukimbia kumwamsha mtoto.

"Funga kwanza mfereji," mama alisema. "Jirani anasubiri zamu yake."